Nafasi Mbili za Kituo cha Ustawi

Mara ya kwanza walikuja watu tisa na hakuna aliyefaa. Mara ya pili wakaja saba, akafaa mmoja, naye akapigiwa simu na chuo kingine akiwa bado anashuka ngazi. Basi barua ya tatu ilipotoka ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, Mratibu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena, labda maneno yangebadilika. Hayakubadilika. Nafasi mbili za uhadhiri katika Kituo cha Utafiti wa Ustawi wa Binadamu na Familia zijazwe kabla ya mwezi kwisha. Zisipojazwa, zitahamishiwa Kitivo cha Biashara.

Mratibu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kucheka. Kituo alikiasisi yeye mwenyewe, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na mpaka siku hiyo kituo kilikuwa chumba hicho hicho, meza mbili, kabati lisilofunga na wazo moja kubwa. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Mtoto asipolala vizuri, daktari ana la kusema, lakini mjenzi wa nyumba naye analo, na mwajiri wa baba yake, na hakimu aliyeamua mtoto akae kwa nani. Kwa hiyo watu hao wote wakae meza moja. Kila aliyelisikia wazo hilo alilisifu. Kazi ilikuwa kuwapata wa kukaa.

"Wote ni mabingwa," alimlalamikia mumewe jioni ile. "Kuna mchumi nilimwuliza furaha ya familia ni nini, akanichorea mstari unaopanda. Kuna mwingine, mtaalamu wa mila, kasema neno 'wastani' linampandisha presha. Ukiwaweka pamoja, kila mtu anahutubia ukuta wake."

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na wakati huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya jirani, bisibisi mdomoni. Aliitoa.

"Sisi fundi mpya hatumhoji," alisema. "Tunampa friji mbovu, tunampa na mtu wa umeme ambaye hawajuani, tunakwenda kunywa chai. Tukirudi tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kama friji inaganda, mama. Na kama bado wanasalimiana."

Mratibu alilala na neno hilo kichwani, na asubuhi akalipeleka kwa Mkuu wa Kitivo, aliyekuwa mwenyekiti wa jopo la usaili. Huyu alikuwa mzee mrefu mwenye suti ya kijivu ambaye kwa miaka thelathini aliwasomea makatibu wake barua kwa sauti waziandike, pamoja na koma na nukta zake zote, hadi tabia ikamganda. Chuo kizima kilimwita Mzee Nukta, na yeye alijua.

"Wasailiwa wawili wawili," Mratibu alimweleza. "Kila mmoja na fani yake. Tunawapa tatizo la familia moja, karatasi kubwa moja ukutani, kalamu moja, saa moja. Sisi tunakaa kimya, tunatazama."

"Kalamu moja?" Mzee Nukta alisema. "Watagombana."

"Ndicho ninachotaka kuona. Wanagombanaje."

Mzee alimtazama kwa muda. "Ukinivunjia heshima ya kitivo changu, koma, nitakukana. Endelea. Nukta."

Walioitwa walikuwa sita. Siku ya usaili Mratibu alifika mapema, akafuta meza mwenyewe, akapanga viti kwenye ukumbi mwembamba mbele ya chumba. Wa kwanza kufika alikuwa mbunifu wa majengo, jitu la watu lenye sauti ya upole, amekumbatia michoro kama mtu aliyebeba mtoto. Akaja mwanasheria wa mirathi, wakaja wengine wawili. Kisha mlango wa kushoto ukafunguka, akaingia mwanamume mwembamba mwenye miwani na begi la mgongoni, mtakwimu kutoka chuo cha mji mwingine. Alikuwa hajakaa vizuri mlango wa kulia ulipofunguka, akaingia mwanamke wa gauni la bluu na faili kwapani, muuguzi anayefundisha wauguzi wenzake katika chuo cha mji mwingine tena.

Yule mwanamke akasimama ghafla. Yule mwanamume akainuka nusu, akabaki hivyo, si wa kukaa si wa kusimama.

"Baba Kipusa?" alisema mwanamke.

"Mama Kipusa!"

"Wewe si uko kwenye semina?"

"Semina... ndiyo. Na wewe si umewapeleka wanafunzi zahanati?"

"Nimewapeleka," alisema Muuguzi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka faili ikamponyoka, mpaka ikabidi akae kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa na michoro ya yule mbunifu.

Mratibu alikuwa amesimama mlangoni na orodha yake mkononi. "Samahani. Mnafahamiana?"

"Kidogo," alisema Mtakwimu.

"Tuna mtoto," alisema Muuguzi.

Mratibu aliwaita wote wawili ndani, pamoja na Mzee Nukta na Afisa Utumishi, mama nadhifu ambaye kazi yake kwenye jopo ilikuwa kulinda kanuni. Habari ikatoka kidogo kidogo. Walikuwa wameoana miaka tisa. Miaka sita kati ya hiyo waliishi miji miwili, kila mmoja na kazi yake, mtoto wao wa kike wa miaka saba akikaa na mama yake. Mara tatu walikuwa wameona nafasi ya kuwaleta pamoja, mara tatu wakatarajia, wakaanza hata kubishana juu ya rangi ya mapazia, na mara tatu nafasi ikaenda kwa mtu mwingine.

"Mara ya tatu mume wangu hakula siku mbili," alisema Muuguzi. "Nikasema safari hii simwambii. Nikipata, nitamshangaza. Nikikosa, nitakosa peke yangu."

Mtakwimu alikuwa anasafisha miwani ambayo haikuwa chafu. "Nami nilisema hivyo hivyo. Mara ya tatu yeye alilia kwenye simu. Alidhani nimeshakata simu."

Afisa Utumishi akakohoa.

"Ni jambo zuri," alisema, "lakini nasikitika. Kanuni hairuhusu mke na mume kuajiriwa kitengo kimoja. Mmoja wao itabidi ajitoe sasa hivi."

Wale wawili wakatazamana, na Mratibu akaona jambo alilolisimulia kwa miaka baadaye: wote wawili walifungua midomo kwa wakati mmoja, kila mmoja ameinua mkono ajitoe yeye.

"Ngojeni!" alisema haraka. "Mikono chini. Dada yangu, hebu tuione hiyo kanuni."

"Inajulikana."

"Najua inajulikana. Naomba kuiona."

Afisa Utumishi alikwenda akarudi na kitabu cha jalada jekundu. Mratibu akakifungua, akasoma kwa sauti. "'Mwajiriwa asimsimamie mwenzi wake, wala asishiriki katika kumwajiri, kumpandisha cheo au kumpa likizo.' Basi. Imeishia hapo. Watakaoajiriwa leo nitawasimamia mimi, na hakuna kati ya hawa aliye mume wangu. Wa kwangu anatengeneza friji."

Afisa Utumishi alikichukua kitabu, akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Miaka kumi na nne nimeitumia vile," alisema taratibu.

"Ulikuwa umeisoma?" aliuliza Mzee Nukta.

"Nilisomewa," alisema yule mama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu. "Tena aliyenisomea alistaafu."

Wakakubaliana kwamba wasailiwa wengine waelezwe ukweli, na wale wawili washindane kama watu wote. Makundi yakapangwa kwa kura. Afisa Utumishi aliandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kikombe cha chai kikavu, akakitikisa, akatoa viwili viwili. Jozi ya kwanza ilikuwa mbunifu na mmoja wa wale wengine wawili waliofika mapema. Jozi ya pili ilikuwa Muuguzi na Mtakwimu.

"Rudia," alisema Mzee Nukta.

"Kanuni haisemi kurudia," alisema Afisa Utumishi, ambaye sasa alikuwa hakiachi kile kitabu.

Mbunifu wa majengo aliinua kidole kwa adabu. "Sina nongwa, lakini hawa wenzetu wamezoeana. Hapo si tumeshapitwa?"

"Kuzoeana, kaka?" Muuguzi aligeuka. "Kukaa na huyu saa nzima mfululizo bila mtandao kukatika, mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa nne."

Watu wakacheka, na Mzee Nukta akaamua: kura ibaki, lakini baada ya chakula cha mchana jozi zibadilishwe, kila mtu afanye na asiyemjua, na alama zijumlishwe. Hakuna aliyepinga.

Tatizo lilikuwa limeandikwa na Mratibu wiki moja kabla, hajui lolote la wale wawili. Familia ya watu wanne. Mzazi mmoja anafanya kazi mbali, anapiga simu kila siku. Mtoto mdogo ameacha kula chakula shuleni. Mnataka kujua nini, na mtakijuaje?

Muuguzi alisoma karatasi, akampa mumewe. Mumewe akasoma. Kisha akachukua kalamu, akaandika juu kabisa, kwa herufi nzuri: IDADI YA SIMU KWA WIKI.

"Hapo ndipo unapoanzia?" aliuliza Muuguzi.

"Ndipo penye ushahidi. Nimefanya utafiti wa familia mia saba. Mzazi aliye mbali akipiga simu kila siku, watoto kwa wastani hawana tofauti na wengine. Makala unayo, nilikutumia."

"Niliisoma. Nani alijibu maswali yako?"

"Mzazi."

"Mzazi yupi?"

"Aliyepokea simu yetu."

"Aliye mbali, au aliye na mtoto?"

Kalamu ya Mtakwimu ikabaki hewani. "Wengi... aliye mbali. Ndio waliokuwa kwenye orodha za waajiri."

"Basi umewauliza watu walio mbali kama walio nyumbani hawajambo."

Mzee Nukta aliinama mbele kidogo kitini.

"Sawa," alisema Mtakwimu, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na kasi. "Na wewe uliwahoji akina mama thelathini na wawili. Uliwapata wapi?"

"Kliniki. Unajua."

"Ambao hawakuwa na shida wangekuja kliniki kufanya nini?"

Muuguzi akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Akaandika: WASIOKUJA KLINIKI. Akapigia mstari. Kisha hakuirudisha kalamu, akasimama nayo akiitazama karatasi, na aliposema tena alisema polepole zaidi.

"Kuna kitu ambacho hakimo kwenye dodoso lako wala kwenye mahojiano yangu. Kipusa akiongea na wewe huwa amesimama."

"Amesimama?"

"Mtandao kwetu unashika dirishani tu, pale juu ya sinki. Anapanda kwenye ndoo, anasimama nusu saa. Wewe unasikia sauti ya furaha, na furaha ni ya kweli. Mimi naona miguu. Ukikata, hakumbuki kama alikuwa na njaa. Anataka kulala."

Mtakwimu alivua miwani. Kisha akachukua ile kalamu kutoka mkononi mwa mkewe, akaandika, kwa herufi ambazo hazikuwa nzuri tena: MTOTO YUKO WAPI NDANI YA NYUMBA? AMEKAA? AMEKULA? ANAFANYA NINI SIMU IKIISHA?

"Sikuwa na swali hili," alisema. "Familia mia saba, na sikuwa na swali hili."

"Na wewe unafanya nini simu ikiisha?" aliuliza mkewe.

"Mimi?" Alifikiri. "Naosha sahani. Nina sahani moja. Naiosha, naifuta, halafu naiosha tena."

Muuguzi alicheka, macho yakiwa yamelowa. "Mwandike na mzazi," alisema. "Naye ni mtu wa familia."

Kuanzia hapo hawakusimama. Mtakwimu alisema watoto wapimwe mara ngapi, Muuguzi akasema wakati gani wasisumbuliwe. Mume alitaka familia mia mbili, mke akasema ishirini zifuatwe majumbani kwanza ili maswali yawe ya kweli, ndipo mia mbili. Walibishana juu ya neno "upweke" kwa dakika nane. Kalamu ilikuwa ikinyakuliwa huku na huku bila mtu kuomba. Mratibu alipoangalia saa, muda ulikuwa umepita kwa dakika kumi na moja na Mzee Nukta, aliyepewa kazi ya kugonga meza, alikuwa amesahau kwamba ana mkono.

Mchana Muuguzi aliwekwa na yule mwanasheria wa mirathi, na ndani ya robo saa walikuwa wakikatizana maneno kama mawifi. Mtakwimu aliwekwa na mbunifu wa majengo. Huku mambo yalianza kwa baridi. Mtakwimu alichora jedwali, mbunifu akachora mlango, kila mmoja upande wake wa karatasi. Ikapita dakika kumi, ishirini. Mratibu alikuwa ameshaanza kukata tamaa, ndipo Mtakwimu akageuka.

"Hebu niambie. Katika nyumba unazochora, mtu akitaka kuongea na simu bila kusikiwa, anakwenda wapi?"

Mbunifu alimtazama kana kwamba ameulizwa jina la mama yake. "Miaka ishirini nachora nyumba," alisema, "na hilo sijaulizwa na mtu." Akalifunika lile jedwali nusu kwa kiganja chake kikubwa, akaanza kuchora, na alichokichora kwa muda uliobaki kilimfanya Mzee Nukta aondoke kitini kwenda kukitazama karibu.

Jioni alama zikajumlishwa. Muuguzi alikuwa wa kwanza, mbali na wengine. Wa pili alikuwa mbunifu. Wa tatu alikuwa Mtakwimu, kwa nusu alama.

Mratibu alizijumlisha upya. Zikaja vile vile. Zile dakika ishirini za ubaridi alizipima mwenyewe, tena kwa haki, na asingeweza kuzibadilisha akabaki na amani. Aliweka kalkuleta mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Lo, jamani."

"Wa kwanza na wa pili wamestahili," alisema Mzee Nukta. "Nukta." Kisha, ambacho hakikuwa kawaida yake baada ya nukta, akaendelea. "Idara ya Takwimu wana kiti kitupu tangu mwaka juzi."

Aliposema "juzi," Mratibu alikuwa ameshatoka mlangoni.

Mkuu wa Idara ya Takwimu alikuwa mama wa sauti nzito, na siku hiyo alikuwa amezikwa na karatasi za mtihani, kinaonekana kichwa tu. Alisikiliza bila kuacha kusahihisha.

"Kiti kipo," alisema. "Ila ni wanafunzi mia nne wa mwaka wa kwanza, saa moja asubuhi. Wawili wameshanikimbia. Huyo wako ana moyo?"

"Leo ameambiwa na mkewe, mbele ya jopo, kwamba sampuli yake ina kasoro. Akamshukuru."

Kalamu nyekundu ikasimama. "Mtakwimu?"

"Mtakwimu."

"Nitamsaili mimi, Alhamisi, kwa utaratibu wangu, simpi upendeleo. Akipita, nusu ya wiki yake nakupa wewe huko kwenye stoo yako."

Mratibu aliwakuta mke na mume kwenye ukumbi mwembamba, wamekaa viti vya mwisho, wakila biskuti kutoka pakiti moja. Aliwaambia kama mambo yalivyo, bila kuzungusha. Muuguzi akaanza kufurahi, akasita, akamtazama mumewe.

"Namba tatu?" aliuliza Mtakwimu.

"Kwa nusu alama," alisema Mratibu. "Nasikitika."

"Nusu alama haina maana kitakwimu," alisema yule bwana kwa heshima zote, na mkewe akapaliwa na biskuti. Ikabidi apigwe mgongoni. Ndipo Mratibu akawaeleza habari ya Alhamisi na ya wanafunzi mia nne.

"Saa moja asubuhi," alisema Mtakwimu. Alitafuna, akameza. "Miaka sita, kila nilipokwenda nyumbani, niliamka alfajiri kuwahi basi la kurudi kazini. Hiyo saa moja ni usingizi wa pili."

Alhamisi alipita. Inasemekana katika somo la majaribio alimsimamisha mwanafunzi wa safu ya nyuma, akamwuliza nani hayupo darasani na kwa nini, na nusu saa nzima ya somo ikatoka kwenye jibu hilo. Mkuu wa Idara alitia sahihi siku hiyo hiyo, na Mratibu akapeleka majina matatu pale palipotakiwa mawili, siku nne kabla ya mwezi kwisha. Kitivo cha Biashara kilituma salamu za pongezi, za baridi kidogo.

Walihamia mwanzoni mwa muhula, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maktaba. Mratibu na mumewe walikwenda Jumamosi kuwasaidia kupanga. Walikuta kabati limekwama katikati ya mlango, Muuguzi upande wa ndani, Mtakwimu upande wa nje, wakibishana kwa sauti za juu kama ligeuzwe au livunjwe miguu, na wote wawili walionekana wana furaha tele. Fundi wa friji alivua shati akaingia kazini bila kuulizwa. Mratibu akakaa kwenye sanduku karibu na Kipusa, aliyekuwa anafunga viatu vyake vipya vya shule na kuvifungua tena.

"Umeshaanza shule?"

"Jana."

"Mwalimu yukoje?"

"Mzuri. Alituuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani. Nikasema mama ni muuguzi, halafu anachunguza watu."

"Na baba?"

Kipusa alivuta kamba ya kiatu mpaka ikalia. "Nikasema baba anaishi kwetu," alisema, na akaruka kwenda kuwaelekeza wakubwa jinsi ya kutoa kabati.